Merlin Zastrow, fundi wa kutuliza teke la bunduki katika mji usiosema "inauma"

Ng'ombe wa jirani bado wanakamuliwa, na tayari Merlin Zastrow ameshaufunga mtutu wa shotgani kwenye jiriwa. Amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Anapima kwa rula, anatia alama, anapima tena. Anashusha drili taratibu, chuma kinalia kidogo, na tundu la kwanza linatokea karibu na mdomo wa mtutu, dogo kama punje ya dengu. Anapuliza vumbi la chuma na kusogea hatua ndogo hadi alama ya pili.

"Tundu si kazi," anasema bila kuinua kichwa. "Tundu hata panya anatoboa. Kazi iko ndani."

Ndani ya mtutu ndiko anakosugua kila ukingo mpaka uwe laini. Kisha hufunga pamba kwenye kijiti na kuipitisha mtutu mzima, mwanzo hadi mwisho. Unyuzi mmoja ukinasa, anarudia kusugua.

"Pamba haina adabu, na ndiyo sababu naipenda," anasema. "Panapokwaruza, inakwambia. Watu wa hapa ukiwauliza, wote watakujibu siyo mbaya."

Merlin ana miaka 66, na karakana yake ni chumba cha maziwa cha shamba lake mwenyewe, nje kidogo ya mji wa Kvale, Wisconsin. Ng'ombe waliuzwa mwaka ambao bei ya maziwa ilikuwa chini kuliko gharama ya kuwalisha. Sinki la kuoshea ndoo bado lipo, na humo sasa huloweka vyuma vyenye kutu. Kwa kila mtutu anaoutoboa hulipwa dola 120, na mwezi wa Machi, kabla ligi ya kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani haijaanza, mitutu hujaa hadi mlangoni.

"Nilikuwa na ng'ombe arobaini na wawili," anasema. "Hakuna hata mmoja aliyenilipa vizuri kama tundu."

Kazi ya matundu hayo ni rahisi kueleza. Risasi inapotoka, moshi wenye nguvu unaoisukuma hupata njia ya kutokea juu na pembeni. Mtutu haurukii usoni kama zamani, na teke linalolipata bega hupungua. Merlin hatii chumvi: hupungua kidogo, si sana. Na kuna gharama yake. Kelele iliyokuwa ikienda mbele sasa huenda pembeni, na pembeni ndiko jirani alikosimama.

Kwa watu wanaolenga sahani za udongo, jirani si mtu wa kupuuzwa. Kikosi ni watu watano waliosimama kwenye mstari mmoja, kila mtu na zamu yake, mwaka hadi mwaka, mpaka kifo au magoti yawatenganishe.

Hapo ndipo ilipoanza hadithi ya LaVonne Stuebbe, ambayo Kvale nzima inaijua na ambayo Merlin huisimulia huku akikuna shingo.

LaVonne ni mjane wa miaka 72, mfupi, mkavu, mwenye nywele zilizosukwa kwa nyuma kama alivyozisuka siku ya harusi yake. Mumewe, Harlan, alikuwa rafiki wa Merlin tangu utotoni, na alifariki vuli ya mwaka juzi. Alimwachia mkewe nyumba, trekta lisilowaka na shotgani inayojipakia yenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka huu, baada ya bega lake la kulia kufanyiwa upasuaji wa pili, LaVonne aliibeba bunduki hiyo hadi kwenye chumba cha maziwa na kuilaza mezani.

"Toboa," alisema.

"Inakuumiza?"

"Aa, siyo mbaya. Toboa tu."

Merlin aliitazama bunduki, akamtazama na mwenye bunduki. Harlan alikuwa mtu wa kuinama kila mlangoni. Kitako cha mbao kilichopimwa kwa mikono yake mirefu kilikuwa kirefu mno kwa LaVonne. Alilazimika kukiegesha kwenye ncha ya bega badala ya kukizamisha penye nyama. Fundi yeyote angeliona hilo, na Merlin aliliona. Dawa ilikuwa kukata kitako inchi moja na nusu.

Lakini mwishoni mwa kitako kile palikuwa na bata. Harlan aliwachonga mwenyewe, bata wawili wanaoruka, msimu mmoja wa baridi, hapo hapo kando ya sinki la maziwa, Merlin akimshikia taa. Kukata kitako kulikuwa ni kumkata bata wa nyuma kuanzia mkiani hadi shingoni.

"Ningemwambiaje?" anauliza Merlin. "Mama, mumeo amezikwa juzi, lete na bata wake nimkate?"

Basi akautoboa mtutu.

Lazima mtu awajue watu wa Kvale ili aelewe kilichofuata. Hapa neno "inauma" halisemwi. Gaylord Nuthals, nahodha wa kikosi cha LaVonne, alipopoteza vidole viwili vya mguu kwenye mashine ya kukatia majani, alimwambia daktari kwamba amewahi kuona Jumanne nzuri kuliko ile. Mtu anayesema "siyo mbaya" huenda amekula chakula kitamu au amevunjika mbavu. Ni juu yako kumtazama na kubahatisha.

Alhamisi ya kwanza ya ligi, Merlin alikaa kwenye benchi la watazamaji akimngojea LaVonne amalize.

"Vipi?" alimuuliza.

"Siyo mbaya."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Merlin alirudi nyumbani bila kujua lolote, na mtu anayeishi kwa kupima hapendi kutojua. Akabuni kipimo chake. Jumapili ile, kwenye chakula cha pamoja katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri, alikaa mahali pa kuuona mlango na kumsubiri LaVonne aingie na bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga. Siku zote hulibeba kwa mikono miwili, juu, kama mtu apelekaye zawadi. Safari hii alilibana ubavuni kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa mfukoni mwa sweta.

Merlin aliongeza safu ya pili ya matundu. Jumapili iliyofuata, bakuli lilikuja ubavuni. Akabandika mpira mnene mwishoni mwa kitako ili umeze teke. Mpira ulikuwa laini kweli, lakini ulikirefusha zaidi kitako kilichokuwa tayari kirefu. Jumapili ya tatu LaVonne alimwomba mchungaji ambebee bakuli.

Kufikia hapo akina mama wa meza ya kahawa walikuwa wameshaona kwamba Merlin Zastrow hali chakula. Anamtazama tu mjane wa Harlan kuanzia mlangoni hadi kitini. Mkewe, Arlys, naye aliliona.

"Merlin."

"Naam."

"Nikusogezee kiti ukae karibu naye zaidi, au kutoka hapa unamwona vizuri?"

"Naangalia mkono wake, Arlys."

"Mkono."

"Wa kulia."

"Ehee. Kuna wanaume huanzia hapo hapo."

Arlys alikuwa na haki ya kununa, kwa sababu ya mkono na kwa sababu nyingine ambayo hakuisema. Kwenye kikosi kile yeye ndiye aliyekuwa akisimama kulia kwa LaVonne. Kila safu mpya ya matundu ambayo mumewe aliitoboa kwa huruma ilimlipukia yeye sikioni. Mwezi wa Mei aliziba masikio kwa vizibo. Mwezi wa Juni aliongeza vifuniko juu ya vizibo. Julai, jua likiyeyusha lami barabarani, alijitokeza mstarini amevaa kofia ya manyoya ya kuwindia kulungu, imefungwa kamba kidevuni.

"Kuna baridi?" Gaylord alimuuliza.

"Kaubaridi kidogo."

Nyumbani Merlin alimwomba mkewe siagi mara tatu bila kupata, akajua amekasirikiwa. Kumbe hajasikiwa.

Alichobakiza kilikuwa risasi. Alimtafutia LaVonne risasi nyepesi kabisa, zile za kuwafundishia wanaoanza. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Bunduki ya Harlan ni ya aina inayotumia teke lake lenyewe kutema ganda na kujipakia risasi nyingine. Ukiipunguzia teke kwa matundu, kisha kwa mpira, kisha kwa risasi nyepesi, haibakiwi na nguvu ya kujihudumia. Kila LaVonne alipopiga, ganda lilibaki limekwama ubavuni mwa bunduki, pa kutokea maganda. Ikambidi alichomoe kwa kidole, kwa mkono ule ule mbovu, wenzake wanne wakisubiri na mitutu ikielekezwa chini.

"Vipi?" Merlin aliuliza.

"Siyo mbaya. Inanipa nafasi ya kupumua."

Wiki hiyo Gaylord alikuja kwenye chumba cha maziwa. Alizungumzia mahindi, kisha mvua, kisha mahindi tena, macho yake yote darini.

"Nasikia asubuhi za Jumanne kuna kikundi cha wazee," alisema hatimaye. "Hawana haraka. Wanapewa na keki."

Merlin alielewa. Kwa lugha ya Kvale, huko kulikuwa ni kumtupia LaVonne virago nje. Kesho yake LaVonne mwenyewe alipita, akasimama mlangoni akimsemesha paka badala ya Merlin. Alisema anafikiri amalize Alhamisi hii tu, kisha ampishe mtu mwingine. Bunduki ataifungia kabatini.

Hilo lilimchoma Merlin. Tangu mazishi, gari la LaVonne halikutoka uani ila kwa kanisa na kwa Alhamisi. Kuifungia bunduki ile kabatini kulikuwa ni kujifungia mwenyewe, na Merlin aliona wazi kwamba mlango unafungwa kwa mkono wake yeye. Alipima nafasi ya safu nyingine ya matundu. Angeendelea, mtutu ule ungekuwa filimbi.

Alhamisi ikafika. Merlin yuko kwenye benchi, soseji mkononi, haradali ikimdondokea gotini. LaVonne anapiga, anachomoa ganda. Anapiga, anachomoa ganda. Mara ya nne linakataa kutoka. Anaing'ang'ania bunduki, uso umekuwa mweupe, midomo imebanwa.

Ghafla Arlys anaifungua kamba ya kofia yake, anaivua na kuitupa kwenye nyasi.

"INAUMA!" anapiga kelele. Ameziba masikio kwa muda mrefu mno, hajui tena sauti yake ina ukubwa gani. "Masikio yangu yanauma! Yanauma tangu Mei! Na si baridi, Gaylord, ni Julai!"

Kwenye mstari wa pili sahani ilirushwa, ikapaa peke yake na kuanguka bila kupigwa. Mtu mmoja jikoni aliacha kugeuza soseji.

LaVonne aliilaza bunduki kwenye kilazio chake, ikiwa wazi.

"Na bega langu linauma," alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Tangu lini?" Merlin alikuwa ameshasimama.

"Tangu Aprili. Kila mara. Nikifika nyumbani nalia mpaka taarifa ya habari inakwisha."

"Mbona hukuniambia, LaVonne?"

"Ulikuwa unajitahidi sana! Kila wiki dawa mpya. Ningekuvunja moyo."

Merlin alipiga moyo konde. "Si mtutu," alisema. "Ni kitako. Kirefu kwako. Nilikiona siku ile ile ya kwanza."

"Uliona."

"Niliona."

"Mbona hukukata?"

"Kwa sababu ya bata."

"Bata gani?"

"Bata wa Harlan. Yule wa nyuma. Ningemkata mpaka shingoni."

LaVonne aliiinua tena bunduki, akamgeuza bata kwenye mwanga.

"Merlin," alisema, "bata huyu simpendi. Sikumpenda tangu siku aliyoletwa nyumbani. Anafanana na kiazi."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Ana mabawa kama kiazi kilichochipua. Miaka kumi na tisa nimemfuta vumbi. Harlan aliponiuliza, nilimjibu siyo mbaya."

"Aliniuliza na mimi," alisema Merlin. "Nikamjibu vivyo hivyo."

"Ulikuwa unamshikia taa!"

"Ndiyo. Nilimwona anavyoharibika."

Basi LaVonne alianza kucheka, akishikilia bega kwa mkono wa kushoto kwa sababu kucheka nako kulimuumiza, na safari hii alilisema hilo pia. Arlys alicheka bila kusikia kinachochekwa. Hata Gaylord alijikohoza kwa namna ambayo wanaomfahamu wanaapa ilikuwa kicheko.

Kitako kilikatwa Jumamosi, na kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kikombe cha kahawa. LaVonne alisimama pembeni akiangalia msumeno. Kipande kilipodondoka, Merlin alikielekeza kwenye pipa la takataka.

"Lete hapa," alisema LaVonne.

Alikitia mfukoni mwa sweta na kuufungia mfuko kwa kifungo.

Tundu likishatobolewa halirudi, kwa hiyo mtutu ulibaki na kelele zake. Walichokibadilisha ni safu. Sasa anayesimama kulia kwa LaVonne ni Gaylord, ambaye matrekta yalishamla masikio zamani. Risasi za kawaida zimerudi, na bunduki inatema maganda kama inavyopaswa, mengine yakimpata Gaylord kwenye shingo. Akiulizwa anajibu siyo mbaya, na safari hii inaelekea ni kweli.

Merlin ameweka utaratibu mpya. Mteja hukaa kwanza kwenye kiti kando ya sinki, akaishika bunduki yake na kutaja panapouma. Asipotaja, mtutu hauguswi. Mwezi uliopita dereva mmoja wa tingatinga, mtu mwenye shingo ya fahali, aliingia asubuhi na kukalia kiti hicho hadi chakula cha mchana. Arlys alimletea kahawa mara mbili, na sandwichi. Mwishowe yule bwana aligusa shavu lake, akatazama nje dirishani na kunong'ona kwamba labda hapo, kwa mbali.

"Mficha uchi hazai," anasema Merlin. "Nikasogeza sehemu ya kitako inayogusa shavu, basi. Hakuhitaji tundu hata moja. Nimekosa dola mia na ishirini, lakini alinishika mkono mpaka nikaogopa."

Na LaVonne? Alhamisi ya mwisho ya msimu alivunja sahani ishirini na mbili kati ya ishirini na tano. Merlin alimsubiri kwenye benchi, akamuuliza kama kawaida yake.

"Bega haliumi," alimjibu. Akaketi, akavua miwani yake ya kulengea. "Kinachouma ni kwamba nilipogeuka kumwonyesha Harlan, hayupo."

Merlin alikaa naye hadi taa za klabu zikazimwa.

Kikosi sasa kinataka kwenda mashindano ya jimbo kiangazi kijacho. Kina watu wanne. Nafasi ya tano ilikuwa ya Harlan, na kwa misimu miwili imekuwa ikijazwa na yeyote aliyepatikana siku hiyo. Gaylord amepita karakana mara mbili, akaongea habari za mahindi.

Merlin hajapiga risasi hata moja tangu vuli ile ya mazishi. Wanaomuuliza huwaambia ni magoti. Kwa mwandishi huyu naye alianza na magoti, akayaeleza moja baada ya jingine, la kushoto kisha la kulia. Akaokota kitambaa na kuanza kufuta jiriwa ambayo haikuwa na vumbi.

"Si magoti," alisema. "Nikisimama pale nitageuka kumtafuta Harlan. Najua nitageuka. Itaniuma kuliko teke lolote."

Alikikunja kitambaa, akakiweka ukingoni mwa sinki.

"Nimemwambia Gaylord aandike jina langu."